Fundi AC naomba msaada: nijielezee vipi mtandaoni bila kuonekana najisifu?

mtoto_wa_Mtambwe

Assalaam aleikum waungwana. Mie ni fundi wa AC na mafriji, kwetu ni Mtambwe kule Pemba lakini miaka minane sasa nipo Unguja, nimefanya kazi mahoteli ya shamba, nje ya mji, mwanzo Nungwi khalafu nikahamia pwani ya mashariki. Mwezi wa nne hoteli ikafunga kwa masika kama kawaida, tukaambiwa tutaitwa, ikafunguliwa hatukuitwa, kumbe kazi yote kapewa mkandarasi. Sina ugomvi nao, riziki anatoa Mungu, lakini mwezi wa pili huu sina pa kushika na nyumbani n'na watoto watatu.

Rafiki yangu alieko Dar kaniambia siku hizi fundi usipokuwepo mtandaoni hakuna anaekujua, jifungulie LinkedIn uweke kazi zako. Nimefungua. Wiki ya pili hii naitizama tu, nimeweka jina na picha n'liyopiga siku ya Idi, pale pa kuandika unafanya kazi gani nimeandika "Fundi AC" basi, nimekwama hapo. Kila nikitaka kuendelea naona haya. Sie tumelelewa mtu hajisifu, babu yangu Mungu amrehemu alikuwa akitwambia chema chajiuza kibaya chajitembeza, na kweli kazi zote n'lizopata mie n'likuwa naitwa na watu walioniona nikifanya, sijapata hata siku moja kujinadi. Leo nikae niandike "mimi ni fundi hodari mwenye uzoefu mkubwa", nikiisoma mwenyewe naona kama nimesema uongo na wala si uongo.

Cheti n'nacho kimoja tu, cha mafunzo ya amali Vitongoji, mengine yote nimejifunza kazini. Kiingereza cha kusema na bosi n'nacho, cha kuandika cha kuungaunga. Picha za kazi zimo nyingi kwenye simu ila zimechanganyika na za harusi na za watoto.

Nauliza, hivi mtu wa fani yangu anajiweka vipi huko akaeleweka? Na niandike Kiswahili au Kiingereza? Mwenye ujuzi anisaidie tafadhali, n'nahitaji kwa dhati.

---

Fuoni_Kijana

Waaleikum salaam. Kaka mie nikwambie ninavyoona, hapa kisiwani kazi ni kujuana. Nimeweka CV yangu kila mahali, nimejaza mpaka nikachoka, hakuna alienijibu isipokuwa mmoja tu nae alitaka nimtumie elfu 50 kwa simu ati ya fomu na kitambulisho cha hoteli, nikatuma, namba ikazimwa siku ile ile. Kwa hiyo ukiwa unaingia huko jua hilo kwanza, anaekuomba pesa ili akupe kazi huyo hana kazi ya kukupa. Bora uende ukawaone watu uso kwa uso, panda daladala zungukia mahoteli.

---

Injinia_wa_Kaskazini

Mdogo wangu wa Mtambwe, pole sana, na wewe wa Fuoni pole kwa kuibiwa. Mie nakaa upande wa pili wa meza, ni mkuu wa ufundi katika hoteli moja huku Kaskazini, ikitoka nafasi HR wananiletea makaratasi nichague wa kumuita, kwa hiyo nitakwambia mie huwa natafuta nini.

Huwa napata lundo, na yote yanasema jambo moja. Mchapakazi, mwaminifu, anajituma, anaweza kufanya kazi na watu. Sasa mie nitamjuaje fundi hapo? Hakuna anaeandika mimi mvivu. Na hilo neno lako "Fundi AC" pekee yake hapa kwetu linabeba watu wengi mno, yupo anaeosha filta tu na yupo anaeweza kufungua bodi ya inveta akajua imekufa kwa nini, na wote wanajiita fundi AC. Ukiandika hivo umenitupia kazi ya kubahatisha na mie sina muda wa kubahatisha, hoteli imejaa wageni.

Fikiria shida zangu mie. Mashine zangu zipo mita chache kutoka baharini, chumvi inakula yale mabati membamba ya kwenye koili ya nje mpaka yanasagika kwa mkono, umeme unapanda na kushuka bodi zinaungua, usiku wa manane chumba cha baridi kinakata na ndani mna samaki wa siku tatu. Juu ya hayo zile za zamani za gesi ya R22 zinaondoka, kwa ule mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni nchi kama zetu zinatakiwa ziimalize gesi ile ifikapo 2030, zinazoingia ni R410A na R32, na R32 inaweza kushika moto, si ya kuchezea na mtu aliezoea kufungua gesi ikapuliza hewa nje akasema tayari. Kwa hiyo mtu akiniandikia "nafanya kazi na R22, R410A na R32, navuta vakyumu mpaka maikroni 500 kabla ya kujaza, gesi naijaza kwa mizani", yaani hewa na unyevu anavitoa kwanza kwenye mabomba na gesi anaipima kwa uzito, basi, nimeshamjua. Hakutaja hodari, hakutaja uzoefu, lakini mwenye fani akisoma mstari ule anajua huyu mtu keshafanya. Hapo hujajisifu wala nini, umetoa khabari.

Andika hoteli ilikuwa na vyumba vingapi, AC ngapi zilikuwa mikononi mwako, aina gani, mlikuwa mafundi wangapi, ubovu gani ulikuwa unarudi rudi na ulifanya nini usirudi. Hicho cha mwisho ndo muhimu kuliko vyote, na ndicho ambacho hakuna anaeandika.

Cheti cha Vitongoji kiweke tena kiweke wazi na mwaka wake, usikionee haya. Ila kisiwe juu, juu iwe kazi.

Kuhusu lugha, weka zote mbili, Kiingereza kwa sababu mameneja wengi ni wageni, na Kiingereza chenyewe kiwe cha sentensi fupi fupi unazoweza kuzisema kwa mdomo wako. Kuna vijana wanaandikiwa na mitambo Kiingereza cha kupendeza, akija kwenye intavyuu namuuliza jambo lilelile aliloandika anashindwa hata kulisoma, na pengine ni fundi mzuri yule, lakini imani inakuwa imeshatoka.

---

bint_Makunduchi

Nakubaliana na Injinia. Mie nimefanya kazi ofisi ya HR miaka mitano kabla sijaolewa, nikupe ya upande wetu kaka, maana hayo makaratasi yanapita kwetu kwanza na mengi yanafia kwetu kwa vitu vidogo vidogo tu.

Jina la faili. Tunapokea mafaili hamsini yote yanaitwa CV au waraka mpya, tukishayashusha hatujui lipi la nani. Liite jina lako na kazi yako, fundi AC na friji, uliweke PDF, si picha ya karatasi uliyoipiga kwenye mkeka. Barua pepe iwe ya jina lako, zile za utani za wakati wa skuli ziache. Namba ya simu iwe unayoipokea, na kama namba ya WhatsApp ni nyengine sema.

Namba ya ZanID usiweke, wala ya pasipoti, wala tarehe ya kuzaliwa, wala watoto wangapi. Hivyo ukishaajiriwa tutakuomba wenyewe, ila ukivitawanya mtandaoni hujui nani anavichukua.

Picha ya Idi kaka iwache kwa familia. Piga nyengine asubuhi, simama kivulini jua likiwa halijawa kali, shati safi ya kazi, uso uonekane. Simu yoyote inatosha.

Sasa picha za kazi, hapa ndo mnapojimaliza mafundi. Mtu anaweka picha themanini, zote za mgongo wa mtu kapanda ngazi. Chagua sita tu au nane. Kila moja iwe na ya kabla na ya baada na zipigwe kutoka pembe moja, chini yake mistari miwili, ilikuwa na shida gani, umefanya nini. Asionekane mgeni wa hoteli, asionekane mtoto, chumba cha mgeni chenye vitu vyake ndani usiposti kabisa, na kabla hujataja jina la hoteli muulize aliekuwa bosi wako kama hana neno. Mie namjua mtu alikosa kazi kwa picha, alikuwa fundi mzuri wa mabomba, lakini meneja akaona kapiga ndani ya chumba cha wageni na masanduku yao yanaonekana, akasema huyu na kwangu atafanya hivihivi.

Na usitegemee LinkedIn peke yake. Meneja mgeni na ofisi kuu ya hoteli wanatafuta huko, lakini supavaiza wa Paje anaetaka fundi kesho asubuhi anauliza kwenye grupu la WhatsApp. Fungua WhatsApp Business, ile ina sehemu ya katalogi, ziweke zile picha zako sita humo na maelezo, mtu akiuliza unamtumia linki moja tu badala ya kumrushia picha ishirini zikamjazia simu.

---

mtoto_wa_Mtambwe

Allah awalipe kheri, sikutegemea. Nimekaa jana baada ya isha nimeandika hivi, niangalieni:

"Fundi wa AC, friji na kila kitu cha baridi. Miaka 8. Nimefanya hoteli mbili kubwa. Najua spliti, inveta, VRF, vyumba vya baridi, mashine za barafu. Mchapakazi, mwaminifu, nipo tayari kufanya kazi popote na wakati wowote."

Imekaa sawa?

---

Injinia_wa_Kaskazini

Hapana bwana, umerudi kulekule. Hebu nijibu maswali yangu hapa hapa wala usitengeneze maneno, nijibu kama tumekaa barazani. Hoteli ya pili AC zilikuwa ngapi? Mlikuwa wangapi? VRF, ile mashine moja ya nje inayolisha vyumba vingi, umefanya nini? Na niambie siku moja ambayo wewe mwenyewe ulitoka kazini ukasema leo nimefanya kazi.

---

mtoto_wa_Mtambwe

AC zilikuwa 64 zote spliti, nyingi za nguvu ya BTU 12,000 na 18,000, vyumba vya baridi viwili kimoja cha samaki na nyama kimoja cha mboga, na mashine moja ya barafu. Tulikuwa wawili, mie na mwenzangu wa umeme, kwa hiyo ya baridi ni mie peke yangu.

VRF niseme kweli, walikuja mafundi wa kampuni kufunga kwenye jengo jipya mie nikawa nawasaidia wiki tatu, kuchomelea mabomba ya shaba na kupima naitrojeni kama yanavuja. Sijaiendesha mwenyewe.

Siku hiyo, labda ile ya mwezi wa kumi na mbili hoteli imejaa, saa nane usiku naitwa chumba cha samaki kimepanda joto. Nimekwenda nikakuta feni ya kondensa, ile ya nje inayotoa joto, imeganda, mota imekufa, ndo kompresa inapata moto inajikata. Mota ya kubadilisha haikuwepo, ya kuagiza ingekuja na boti kesho yake, nikakumbuka kuna kondensa kuukuu nyuma ya dobi imetupwa, nikaichopoa mota yake, skrubu hazikulingana nikatoboa bati upya, alfajiri chumba kikaanza kurudi chini na hakijaharibika kitu. Na baada ya pale nikaomba wanunue mota moja ya akiba wakanunua, nikawa kila mwezi naziosha koili za nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi maana n'liona zilizooshwa zinaishi zaidi. Lakini hayo si ndo kazi yenyewe? Ni mambo ya kawaida.

---

Injinia_wa_Kaskazini

Subhanallah. Kijana umeikalia dhahabu wiki mbili unasema umekwama. Hayo unayoyaita ya kawaida mie nimewatafuta watu wa kunifanyia nimekosa. Hiyo ya mota iandike kama ulivoisema, ipunguze urefu tu. Hiyo ya kuomba mota ya akiba na kuosha koili kila mwezi ndo itakayokupa kazi, maana inaonesha mtu anaefikiria kesho, na meneja anachoogopa kuliko vyote ni simu ya saa nane usiku.

VRF iandike kama ilivyo: nimesaidia ufungaji, kuchomelea shaba na kupima uvujaji kwa naitrojeni. Usiandike najua. Ukisema najua nikakuletea, nitakujua ndani ya dakika tano na hapo hata yale ya kweli nitayatilia shaka.

"Kila kitu cha baridi" toa. "Popote na wakati wowote" toa, sema unaweza kuhamia shamba na unapatikana kuanzia lini.

---

maalim_wa_Mkunazini

Nimeusoma mjadala wote nikaona niseme kuhusu ile kauli ya babu, maana naona ndiyo iliyomfunga huyu kijana na inawafunga wengi, hasa waliolelewa vizuri.

Chema chajiuza, ni kweli, lakini chema hicho kiko wapi? Kiko sokoni, kimetandazwa, watu wanakiona. Nenda Darajani kwenye samaki asubuhi. Yule mwenye samaki mzuri hapigi kelele, lakini hakumficha kwenye pakacha, mnunuzi akisogea anamfunulia matamvua aone yalivyo mekundu, hamwambii samaki wangu mzuri, anamfunulia tu. Babu yako alikuwa akikukataza kupiga kelele, sidhani kama alikukataza kufunua. Zamani aliekuita kazi alikuwa anakuona, mtaa mmoja, msikiti mmoja. Huyu meneja wa leo hajui Mtambwe iko wapi, atakuonaje?

Na kijana wa Fuoni yuko sahihi kuwa watu wanaitana kwa kujuana, lakini nami nimeona hata anaekutaja kwa mwenye kazi huambiwa "nitumie chake nikione", asipokuwa na cha kutuma maneno yanaishia hapo. Kwa hiyo pitia mahoteli kama alivyosema, na uwe na kitu cha kuacha nyuma.

Nyengine, kama kazi ya kuajiriwa itachelewa na unafanya za majumbani, jiandikishe pia kwenye Google Maps kama fundi, ile inakuruhusu kuficha anwani ya nyumbani ukaweka tu maeneo unayohudumia, Mjini, Fuoni, Fumba, kokote. Kila unaemtengenezea muombe kwa adabu akuandikie maneno mawili pale. Hayo si wewe uliyejisema, ni watu.

---

Fuoni_Kijana

Maalim umenigusa. Mie nikiitizama CV yangu imeandikwa "mchapakazi" mara tatu. Mie ni mpishi, sijaandika hata chakula kimoja. Leo naiandika upya.

---

bint_Makunduchi

Fuoni fanya hivo, na uandike unapikia watu wangapi kwa wakati mmoja, wapishi wanasahau hilo.

Mtoto wa Mtambwe, kule LinkedIn ule mstari chini ya jina unachukua herufi 220, kwa hiyo usiishie "Fundi AC", utumie. Yale maelezo marefu yanachukua herufi 2,600 lakini mtu anaona mistari michache ya mwanzo mpaka abonyeze, basi ile ya AC 64 na vyumba vya baridi iwe juu kabisa. Na lile duara la kijani la kutafuta kazi wewe huna kazi sasa liwashe waone wote, mwenye kazi ndo achague waone waajiri peke yao, asije bosi wake akaliona.

Umepata wadhamini?

---

mtoto_wa_Mtambwe

Nimempigia yule aliekuwa mkuu wetu wa ufundi hoteli ya mwanzo, Mmombasa, karudi kwao. N'liogopa kumpigia miaka mingi imepita. Kaniambia "wewe ndo wa kuniuliza ruhusa? weka namba yangu". Na kuhusu picha kasema nisitaje jina la hoteli, niseme hoteli ya vyumba 60 Nungwi, inatosha.

Nimeandika tena, ya Kiswahili hii, ya Kiingereza mke wangu ananisaidia, yeye anasomesha skuli:

"Fundi wa AC na vyumba vya baridi katika mahoteli ya pwani, Unguja. Spliti za kawaida na za inveta, R22, R410A, R32.

Hoteli ya mwisho nilikuwa fundi pekee wa baridi: AC 64, vyumba vya baridi viwili, mashine ya barafu. Navuta vakyumu na kupima kwa geji ya maikroni kabla ya kujaza, gesi naijaza kwa mizani. Mashine zilikuwa karibu na bahari, nilipanga kuosha koili za nje kila mwezi kwa maji yasiyo na chumvi. Desemba moja feni ya kondensa ya chumba cha samaki ilikufa usiku, haikuwepo ya akiba, nilitumia mota ya kondensa ya zamani na chumba kikarudi alfajiri bila kuharibika kitu, baada ya hapo hoteli ikaweka mota ya akiba kwa ushauri wangu. VRF: nimesaidia ufungaji wiki tatu, kuchomelea shaba na kupima uvujaji kwa naitrojeni. Cheti cha mafunzo ya amali, Vitongoji, Pemba. Naweza kuhamia shamba, napatikana sasa hivi. Mdhamini yupo."

Picha nimepata saba. Mbili sina za kabla, nimeziacha nje.

---

Injinia_wa_Kaskazini

Sasa nakuona. Ongeza mwaka wa cheti na miaka ya kila hoteli, kutoka mwaka gani mpaka mwaka gani. Hiyo ya picha mbili umefanya vizuri.

Mie kwangu nafasi sina kwa sasa nisikudanganye, ila mahoteli yanajaa kuanzia mwezi wa saba na mwenzangu mmoja Paje analalamika fundi. Ukimaliza nitumie PDF kwenye ujumbe wa ndani hapa, nimpelekee kama ilivyo.

---

mtoto_wa_Mtambwe

Nakutumia usiku huu inshaallah, mke wangu akishalaza watoto tumalizie ile ya Kiingereza.